Picha za Harusi Ninazozirudia

Ndugu zangu wapiga picha, na ninyi wengine mliokuja kwa sababu mnapenda tu kutazama picha za harusi, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja.

Picha nitakazozieleza leo nimeziombea ruhusa kwa wenyewe. Majina yao sitayataja, na nyuso mtakazoziona zibaki humu ndani. Tafadhali msizipige kwa simu zenu. Zipo nyingine ambazo ningetamani mzione, lakini wenyewe walisema hapana. Hilo nitalizungumzia mbele.

Nikizitazama picha ninazozirudia, yaani zile ninazozifungua hata miaka mingi baada ya kazi kukabidhiwa, naona zimefanana kwa jambo moja. Karibu zote zina watu wawili au zaidi, na kuna kitu kinatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kinaweza kuwa mtazamo, mkono, kicheko au wasiwasi. Picha ya bibi harusi peke yake, shela limetandazwa, mwanga mlaini, uso umetulia, naipiga katika kila harusi, na naipiga kwa moyo wote, kwa sababu anastahili kujiona alivyopendeza siku ile. Ila hiyo siirudii. Ninayoirudia ni ile ambayo ukimwondoa mtu mmoja, huyu aliyebaki haeleweki tena anafanya nini.

Tuanze na hii ya asubuhi. Mnaona dirisha upande wa kushoto. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, gauni ameshalivaa, na mshono wa begani umefumuka. Dada yake mkubwa ameinama mbele yake, sindano mkononi, ncha ya uzi mdomoni anailowesha ili ipite kwenye tundu. Amekunja uso na jicho moja amelifumba. Chumba kile kilikuwa na kelele nyingi: simu zinaita, mtu anaulizia gari, mwingine anatafuta pini zilizokuwa hapa sasa hivi. Bibi harusi haangalii bega lililofumuka. Anamwangalia dada yake usoni, kwa karibu kabisa, ametulia, kama vile kelele zote zile haziko. Na dada hana habari kwamba anatazamwa. Yeye yuko na uzi wake.

Hebu inueni kiganja hapo mlipokaa, mfunike upande wa dada. Anabaki mwanamke mwenye gauni zuri anatazama kitu. Sasa funikeni upande wa pili. Anabaki mwanamke anatunga uzi. Ondoeni kiganja, na udugu wao huo hapo mbele yenu.

Wenzangu wa kazi watauliza ilipigwaje. Lenzi ya milimita 35, tundu la kuingiza mwanga f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mimi nimekaa sakafuni ukutani. Lakini kazi kubwa ilifanyika kabla sijashika kamera. Nikiingia chumba cha maandalizi, salamu zikiisha, naomba taa za dari zizimwe. Balbu ya njano iko karibu na kelvini 3,000, kipimo cha rangi ya mwanga, na mwanga wa mchana unaoingia dirishani uko karibu na 5,500 au zaidi. Vikichanganyika usoni mwa mtu, shavu moja linakuwa la chungwa na la pili la samawati, na hakuna programu itakayolitengeneza likarudi kuwa shavu la mtu mmoja bila kupoteza kitu. Pili, naomba kiti cha kuvalia kisogezwe karibu na dirisha, ubavu kwa ubavu, siyo kulipa mgongo. Kiti kikishakaa pale, kila atakayekuja kumsaidia bibi harusi atasimama kwenye mwanga mzuri bila mimi kumwambia neno. Baada ya hapo nakaa kimya.

Kishawishi kikubwa cha kazi yetu kinakuja dakika hiyo hiyo. Unaona kitu kizuri, unataka kusema: "Dada, rudia kidogo, inua sindano, wewe mtazame tena." Ukisema hivyo umeshaiua. Watatii, kwa sababu siku ya harusi watu humtii mpiga picha kuliko hata wazazi, na utapata picha ya watu wawili wanaomtii mpiga picha.

Pete kwenye sanduku, viatu dirishani, maua mezani, navipiga mapema na haraka. Vina nafasi yake kwenye albamu, na aliyehangaika kuvichagua anafurahi kuviona. Sina mengi ya kusema juu yake.

Nataka tukumbuke kidogo tulikotoka, kwa sababu inaeleza kwa nini picha za aina hii zilichelewa sana. Malkia Victoria wa Uingereza alifunga ndoa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Njia ya Mfaransa Louis Daguerre ya kupiga picha ilikuwa imetangazwa hadharani Paris mwaka uliotangulia. Pamoja na hayo, picha ya kamera ya harusi ile haipo. Upo mchoro mkubwa wa rangi wa George Hayter, na wahusika walikaa mbele yake baadaye ili awachore. Picha zinazojulikana za Victoria na Albert wakiwa wamevaa rasmi mbele ya kamera ya Roger Fenton ni za mwaka 1854, miaka 14 baada ya harusi yenyewe.

Sahani za Daguerre, yaani bamba za chuma zilizopokea picha kabla ya filamu, zilimtaka mtu atulie sekunde nyingi, na mwanzoni hata dakika kadhaa. Studio ziliweka chuma nyuma ya mteja cha kushikilia kichwa kisitikisike. Ndiyo maana maharusi wa zamani mnaowaona kwenye picha wamekauka, macho mbele, mikono magotini. Watu husema wazee wale hawakuwa na furaha. Furaha walikuwa nayo, ila kicheko kilipita kabla sahani haijashika. Kamera ya wakati ule iliweza kuwachukua watu wawili. Kile kinachopita kati yao haikuweza, kwa kuwa kilitoweka kabla yake.

Mabadiliko yakaja kidogo kidogo. Frederick Scott Archer alitoa njia ya kolodioni, kimiminika kinachopakwa kwenye kioo, mwaka 1851, ikapunguza muda wa kutulia. George Eastman akaleta kamera ya Kodak yenye filamu ya kuviringisha mwaka 1888. Mwaka 1925 Leica, kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, ikaonyeshwa Leipzig, na kuelekea 1930 zikaja balbu za flashi. Hata hivyo mafundi wa harusi waliendelea kwa miongo mingi kuwapanga watu, kidevu huku, mkono kule, na siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyekwenda harusini na kamera ya fremu za mraba alikuwa na picha 12 kwa kila filamu, kila bonyezo lilikuwa fedha, na matokeo aliyaona baada ya filamu kusafishwa. Angewezaje kubahatisha kicheko? Leo kamera nyingi zinapiga fremu 10, nyingine 20 kwa sekunde. Mashine imeshatupisha njia. Swali lililobaki ni umesimama wapi, na unamtazama nani.

Kuna picha moja isiyo ya harusi ambayo kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha. Ni ya Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyepiga mkesha wa Krismasi wa mwaka 1963. Kijana aliyevaa suti na msichana aliye peku wanacheza dansi. Vichwa vyao karibu vigusane, wote wawili wanatazama chini miguuni, wanatabasamu. Hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Hawatazamani pia! Wanatazama hatua zao, na hatua hizo ndizo zinazowaunganisha. Huwa namwuliza mwanafunzi: kipi hasa kiko kati yao? Akinijibu "miguu", najua tutaelewana. Sidibé alipiga karamu, ubatizo, harusi, vijana ufukweni mwa mto, na mwaka 2007, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, walimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Alikuwa anakwenda kwenye sherehe za watu anaowajua na anakaa karibu nao. Ukitazama picha ile unaona kwamba aliyeipiga hakuwa mbali, wala hakuwa mgeni.

Sasa picha ya viapo.

Wakati wa viapo kila kamera na kila simu huelekea sehemu moja. Na lazima sisi pia tuwepo pale. Picha ya maharusi wakivishana pete ni ya kufa na kupona, na mtu asije akaniambia alikuwa anatafuta sanaa kwingine. Kwa hiyo kwanza nawashika wao. Nikishajua ninayo, na mwenzangu wa upande wa pili kanipa ishara kwamba naye anayo, ndipo nageuka nikawapa maharusi mgongo.

Mnaowaona hapa ni wazazi wa bwana harusi. Baba amekaa wima, mikono juu ya mapaja, na midomo yake inatembea. Anasema kiapo pamoja na mwanawe, neno kwa neno, bila sauti. Mke wake, kulia kwake, hamtazami mwana. Anatazama midomo ya mumewe. Alianza kuitazama tangu maneno ya mwanzo na hakuacha mpaka mwisho. Alichokuwa anafikiri mama yule sikijui na sitawatungia. Mkono wake wa kushoto mnauona umekaa juu ya mkoba. Katika fremu inayofuata mkono haupo tena juu ya mkoba, uko juu ya mkono wa baba. Nilimpa bwana harusi fremu zote mbili. Aliniambia hakuwahi kujua kwamba baba yake alikuwa anasema naye.

Hapo utaona faida ya kugeuka. Bwana harusi alikuwa na picha mia za kiapo chake kutoka kwa ndugu na marafiki, zote kutoka mbele. Yeye mwenyewe alikuwa pale na anajua alisema nini. Asichoweza kukiona ni kile kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, na huko ndiko walikokaa watu wote wanaompenda.

Neno moja la ufundi kwa vijana. Sehemu za viapo huwa na giza, na flashi pale ni kuwavunjia watu heshima. Hii ni milimita 85, f/2, ISO 3200, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, na kasi ya shata, lile pazia la kamera, 1/200 ya sekunde. Msiogope chengachenga za ISO. Uso wenye chenga unasameheka, uso uliotikisika kwa shata ya polepole hausameheki. Mkitumia shata ya kimya, ijaribuni mapema chini ya taa za mahali hapo. Taa nyingi za LED zinawaka na kuzima haraka mno kwa jicho kuona, lakini sensa inayosoma picha mstari kwa mstari inaona, na utakuta michirizi ya giza imekatiza nyuso za watu. Hakuna njia rahisi ya kuiondoa baadaye.

Mara nyingi naulizwa: nitajuaje kicheko cha kweli, wakati kila mtu akiiona kamera anatabasamu? Daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha uchunguzi wake wa misuli ya uso mwaka 1862, akitumia picha za kamera kuonyesha hoja zake. Alieleza kwamba mtu anaweza kuivuta pembe za mdomo wake kwa kupenda, lakini msuli unaozunguka jicho kwa kawaida husogea furaha inapokuwa ya kweli. Shavu linapanda, ngozi ya chini ya jicho inajikunja, jicho linakuwa jembamba. Mtu aliyezoea anaweza kuigiza hata hilo, najua. Lakini ukiwa umechoka, saa ya nane ya kazi, huna nguvu ya kutafakari, tazama macho ya watu kwenye skrini yako ndogo. Mdomo umecheka na jicho halikucheka? Kaa hapo hapo, usiondoke. Watacheka kweli sasa hivi, maana watakuwa wamekusahau.

Nakuja kwenye picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga. Ina watu watatu.

Rafiki wa bwana harusi anatoa hotuba ukumbini. Yeye mnamwona nyuma, hayuko kwenye fokasi. Mbele kuna mjomba wa bibi harusi, ambaye ni kiziwi, na mkabala wake amekaa binti yake anayemtafsiria kwa lugha ya alama. Mikono ya binti imekuwa ukungu kwa sababu nilipiga kwa 1/60 na mikono ile ilikuwa inakimbia. Uso wa mjomba ni mkali, yaani uko kwenye fokasi kabisa, kila kunyanzi kinaonekana.

Nilikuwa nimewatazama tangu hotuba ianze. Msemaji alikuwa hodari wa vichekesho. Ukumbi ulicheka, na mjomba hakucheka, kwa sababu kichekesho kilikuwa bado kiko mikononi mwa binti yake. Kisha kikamfikia, akaangua kicheko peke yake wakati ukumbi umeshatulia na msemaji ameshaingia sentensi nyingine. Mara ya pili ikawa vile vile. Nikaelewa kwamba katika ukumbi ule kuna vicheko viwili, na cha pili kina njia ndefu zaidi. Nikaacha kusikiliza msemaji, nikawa naisoma mikono ya binti. Ukumbi ukicheka sibonyezi. Nangoja. Mikono inafika mwisho, inatulia kidogo hewani, na hapo ndipo uso wa mjomba unafunguka.

Lakini mtazameni na binti. Wengi mkiona picha hii mnaanzia kwa mjomba, na ni haki yenu. Tazameni binti: ameshakisikia kichekesho, ameshakifikisha, na sasa anakiangalia kikimfika baba yake. Furaha yake yeye ilikuwa imewekwa akiba mpaka ya baba itokee. Nimekaa na picha hii muda mrefu, na kila nikiitazama naishia kwenye uso wake.

Kuna jaji mmoja wa mashindano aliyewahi kuniambia mikono ile ni kasoro, kwamba ningeongeza kasi ya shata ikawa mikali. Sikubaliani naye. Mikono mikali ingekuwa alama moja iliyogandishwa, isiyosema lolote kwa anayeijua lugha ile wala kwa asiyeijua. Ukungu ule ni maneno yakiwa njiani.

Sasa niseme juu ya picha za pamoja, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Vijana wengi wanazidharau. Wanasema ni za kizamani, zinakula muda, wao wamekuja kupiga "hadithi". Nawaomba wabadili mawazo. Picha ya pamoja ina vitu vingi vinavyopita kati ya watu kuliko picha nyingine yoyote ya siku ile, ukiijua kuisoma. Nani amejipenyeza karibu na nani. Nani ameweka mkono begani kwa nani, na nani ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na ndugu yake. Ukiwapanga watu kwa urefu kama askari wa gwaride, umefuta yote hayo. Mimi nawaweka maharusi na wazee, kisha nasema: "Wengine jisogezeni mnavyotaka, ila nione nyuso." Familia inajipanga yenyewe. Nikishapata ile picha wanayonitazama wote, nasema asanteni, na siteremshi kamera. Sekunde tano baada ya "asanteni" ni za thamani kubwa. Mabega yanashuka, bibi anamshika mjukuu aliyetaka kuchomoka, wawili waliokuwa hawajaonana miaka mingi wanageukiana.

Kuhusu macho kufumba: mtu hupepesa jicho mara kadhaa kila dakika, na kundi likiwa kubwa lazima mmoja atakuwa amefumba. Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia walifanya hesabu hiyo, wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati mwaka 2006, tuzo inayotolewa kwa tafiti zinazowafanya watu wacheke kwanza kisha wafikiri. Kanuni yao kwa kundi la chini ya watu 20 ni hii: gawanya idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama mwanga ni hafifu, na hiyo ndiyo idadi ya picha za kupiga ili upate moja ambayo macho yote yamefumbuka. Watu 15 nje mchana, piga tano. Watu 15 ukumbini, piga saba au nane. Naitumia, na inafanya kazi.

Simu ninazopigiwa miaka mingi baada ya harusi karibu zote zinahusu picha za pamoja. Mtu anauliza kama bado ninalo faili la ile picha ya familia, kwa sababu kuna mzee amefariki na ile ndiyo picha pekee aliyotoka vizuri. Wanataka uso wake ukuzwe. Ninapoukata uso ule kutoka safu ya nyuma, namshukuru Mungu kwamba siku ile sikufanya haraka na nilikuwa na f/8, tundu dogo linaloweka wa mbele na wa nyuma kwenye fokasi, si f/2, hivyo safu ya nyuma nayo ni kali. Nawaomba mlikumbuke hilo. Yule wa pembeni safu ya nyuma, aliyesimama kwa aibu, ana haki ya kuwa mkali kama maharusi.

Na ana haki ya kuonekana kwa rangi yake. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi nyeupe ikitoka sawa, mashine imepita. Watu weusi kwenye filamu zile walipoteza nyusi, mashavu, mistari ya uso, hasa wakipigwa pamoja na weupe. Kadi zile zimepita, lakini kamera zenu bado zina tabia yao: kipimo cha mwanga kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha katikati. Gauni jeupe likijaa fremu, kamera inapunguza mwanga, gauni linakuwa la vumbi, na uso mweusi ulio juu ya gauni hilo unazama gizani. Msiiachie kamera iamue. Pimeni uso. Hakikisheni weupe wa gauni haujaungua, hifadhini faili ghafi ambalo kamera haijalibana wala kulihariri, na mkikaa kuhariri anzeni na ngozi, gauni lifuate. Uso wa mtu mweusi una mwanga mwingi wa kupendeza kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo. Unahitaji chanzo kikubwa cha mwanga kutoka pembeni, kama dirisha lile la asubuhi. Na msiwapaushe watu. Bibi harusi akiniambia nimfanye mweupe zaidi, namwonyesha kwanza picha yake ilivyo ikiwa imepimwa vizuri, kwa ukubwa, kwenye skrini nzuri. Kwa kawaida tunaishia hapo.

Nilisema nitarudi kwa wale waliosema hapana. Katika harusi kuna dakika ambazo mtu analia kwa jambo lisilo la furaha. Mzazi aliyetangulia, ndugu aliyekataa kuja. Wakati mwingine napiga, kwa mbali, ikiwa naona kuna mtu anayemshika yule anayelia, kwa sababu mkono ule nao ni sehemu ya siku yao. Lakini picha hizo sizichanganyi na nyingine. Nazitia kwenye folda ya peke yake, nampa mwenyewe mkononi, nasema: hizi ni zako, hakuna mwingine aliyeziona, uamuzi ni wako. Wapo walionikumbatia. Wapo waliosema zifute, nikazifuta mbele yao. Mkataba unaweza kukuruhusu kutumia picha zote kujitangaza. Machozi ya mtu hayamo kwenye mkataba, hata kama karatasi inasema yamo.

Kuchagua je? Mimi sichagui usiku ule ule. Usiku ule bado nasikia muziki na naipenda kila picha niliyohangaika kuipata. Jambo la kwanza usiku ule ni kunakili kadi za kumbukumbu za kamera: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa nje ya nyumba. Baada ya siku kadhaa nafungua na kuuliza picha moja moja lile swali la kiganja: nikimfunika huyu, yule bado ana maana? Hata hivyo orodha yangu na ya maharusi hazilingani kamwe. Mara nyingi wanaipenda picha ambayo bibi kafumba macho, kwa sababu ndivyo bibi anavyocheka. Nilikuwa nazitoa picha kama hizo nikidhani nawasaidia. Siku hizi nazibakiza, kwa sababu wao wanamjua bibi na mimi simjui.

Ombi langu la mwisho ni dogo na mnaweza kulifanya harusi ijayo. Mkikabidhi picha ya pamoja, chapisheni nakala moja kwenye karatasi, na muwaombe maharusi wakae na mtu mzima wa kila upande, waandike nyuma yake kwa penseli laini majina ya wote, safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mmoja anahusianaje na nani. Wino hupenya na kuharibu karatasi, kwa hiyo iwe penseli. Wafanye hivyo mwaka huo huo. Nimeletewa picha za harusi za zamani na wajukuu, nyuso nzuri kabisa, mkono wa mwanamke mmoja uko begani kwa mwenzake, na hakuna aliyebaki wa kuniambia wale wawili walikuwa nani kwa wenzao.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshaanza kuinuliwa kule nyuma. Tuanze na maswali yenu.